Tobo na Vitu Vilivyohama

Shemeji yangu Tobo haamini kwamba mvua inanyesha mpaka alowe, na akishalowa anauliza ni nani kammwagia maji. Sisemi hivyo kwa chuki. Nimeolewa na mdogo wake na tunaishi nyumba moja, nimempikia, nimemnyoa, nimegombana naye kila wiki, kwa hiyo nikimsema namsema kwa haki yangu.

Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, akipita behewa kwa behewa na kikoleo chake cha kutobolea tiketi. Ukimpa tiketi anaitazama, anakutazama wewe, anaitazama tena. Alikagua wajawazito, alikagua maharusi, alimkagua mpaka mtu aliyezimia kabla hajamwitia msaada. Siku moja bosi wake mwenyewe alipanda bila tiketi akidhani cheo kinatosha, Tobo akamteremsha kwenye kituo kisicho na hata benchi. Wakubwa wakamhamishia treni ya mizigo, akakague magunia mpaka hasira zao zipoe. Alirudi kwa abiria hajajifunza kitu.

Kuoa hakuoa. Wachumba walikuwapo, tena wa maana. Mmoja alimwambia anafanya kazi duka la dawa, basi Tobo akaenda kusimama ng'ambo ya barabara kutwa nzima ahakikishe kama kweli anaingia na kutoka. Kweli aliingia na kutoka, ila alipotoka alimwona, na mambo yakaishia hapo hapo. Ukimuuliza leo atakwambia yule dada alikuwa na siri. Siri gani, Tobo? Anakujibu kwamba angeijua isingekuwa siri. Sasa na mtu kama huyo utabishana naye vipi?

Alipostaafu akarudi nyumbani kwa mama yake, na sisi wengine tunakaa humo humo. Ni nyumba ya zamani, vyumba vimepangana kwenye ukumbi mmoja mwembamba. Cha mbele, kinachotazama barabara, ni saluni yangu: viti viwili, kioo, na lile dude la kukaushia nywele ambalo mama mkwe wangu, Bi Mkubwa, analichukia kuliko anavyonichukia mimi. Kisha chumba chake, chetu, cha Tobo, na mwisho kabisa karibu na jiko kuna chumba kidogo kilichokuwa stoo. Ukuta wa jiko umeshikana na kwa jirani mwenye mashine ya kusaga nafaka. Mume wangu ni fundi bomba, na kama mafundi bomba wote, mabomba ya kwake ndiyo yanayovuja.

Kwenye kile chumba kidogo ndiko alikofikia Kijiti. Mama yake alikuwa wifi yangu, dada yao Tobo na mume wangu, akafariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Baba mtu alikuwa ameshaoa kwingine na huko kwake walishamwambia bila kupepesa macho kwamba nafasi hakuna. Tobo hakuitisha kikao wala hakuomba ushauri. Alikwenda mwenyewe, akarudi na mtoto na begi lake, akamwonyesha kitanda. Baba alimwachia kwa shingo upande, siyo kwa uchungu wa mwana, ni kwa kuogopa watu watasema nini, na akaweka sharti: akisikia kuna tatizo lolote, anamchukua.

Msichana mwenyewe alikuwa anamalizia shule ya msingi, mwembamba, shingo ndefu, hana maneno mengi. Akikuta kitu kimekaa vibaya anakiweka sawa bila kuambiwa. Kandambili zimepishana, anazipanga. Mimi nilimpenda kwa sababu alinisaidia kufagia nywele saluni. Lakini Tobo! Sijui mtoto yule alimfanya nini yule mzee. Jioni wanakaa kwenye ngazi ya nyuma wanacheza drafti, na Tobo akiinamia kikombe chake cha chai, Kijiti anasogeza kete. Nilimwona kwa macho yangu. Nikamwona na Tobo akimwona. Akameza chai yake, akatazama ubao, akasema, "Mama, leo umenibana." Mtu aliyemteremsha bosi wake kituoni! Nikajua hapo kwamba huyu mtoto akiondoka, shemeji yangu amekwisha.

Halafu vitu vikaanza.

Kwanza ukuta wa bafuni ukawa unagonga. Ngo, ngo, ngo, jioni, watu wakishaoga. Kisha kikombe kikaanguka kutoka kwenye rafu ya jikoni na jikoni hamna mtu. Kisha mlango wa ukumbini ukafunguka wenyewe mbele ya Bi Mkubwa, polepole, akautazama mpaka ukagota ukutani. Bi Mkubwa akasema ni marehemu mume wake, ndivyo alivyokuwa akiingia siku za kuchelewa. Nikamuuliza, mama, marehemu arudi kufuata nini humu, na mafao yake tulishayala? Hakucheka. Aliniangalia kwa muda mrefu, na mimi nikaanza kujiuliza ananiangaliaje hivyo.

Ukitaka habari isambae, we mkaushe mtu nywele tu. Wiki haikuisha, kila mteja aliyekaa kwangu alikuwa na maelezo yake. Mmoja akasema ni jini, na jini halitoki hewani, linakuja na mtu. Mwingine akasema nyumba imejengwa juu ya kaburi, na waliomo chini walikuwa wametulia mpaka alipoletwa mtu mwenye msiba mbichi akawaamsha. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akasema hayo yote ni upuuzi, yeye amesoma. Nyumba za namna hii ziko dunia nzima, na mara nyingi ndani yake unamkuta mtoto wa umri huo huo, mwenye jambo moyoni. Ama anarusha vitu watu wakigeuka, ama majonzi yake ndiyo yanayorusha. Nikamuuliza majonzi yanarushaje kikombe. Akasema hata walioandika hawajui. Unaona lakini? La jini, la kaburi, la kitabuni, yote yalikuwa yanatembea ukumbini kwangu na kusimama mlango ule ule wa chumba kidogo.

Habari zikamfikia baba. Akapiga simu kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi anakuja kumchukua mwanawe. Alikuwa hamtaki vile vile, ila watu walishaanza kumcheka kwamba kamtupa mtoto mpaka kapandisha mashetani. Tobo alisikiliza simu amesimama. Akamwambia, njoo, ukifika nitakuwa nimeshamjua mhusika. Baba akauliza mhusika gani, jini? Tobo akasema mtu.

Hiyo ndiyo imani yake, hana nyingine. Alituambia siku hiyo mezani kwamba kwenye treni taa zilikuwa zinazimika, mizigo inahama viti, abiria wanaapa behewa lina mzimu, na kila mara akitafuta alikuta mkono wa mtu. "Mzimu unapata faida gani?" akauliza, akatuzungushia macho mmoja mmoja. "Tafuta anayefaidika." Tukatazama sahani zetu.

Akaanza na kugonga. Akamwambia mdogo wake afunge koki kuu, tukakaa jioni nzima na ndoo, na ukuta ukanyamaza. Mume wangu akajikuna kichwa, akapanda darini, akakuta bomba limechomoka kwenye kishikizo chake, kila maji yakikatwa ghafla linaruka na kugonga ukuta. Akalibana. Kesi ya kwanza ikaisha, na fundi wetu akapata aibu ambayo mpaka leo namtania nayo. Kikombe nacho, Tobo alisimama jikoni mikono nyuma mpaka jirani akawasha mashine yake ya kusaga. Rafu ikatetemeka, vikombe vikaanza kujisogeza taratibu kwenda ukingoni, wewe mwenyewe ungeapa vina miguu. Tukaihamisha rafu ukuta wa pili. Mlango ulikuwa ni upepo tu: nikifungua saluni na Bi Mkubwa akiwa amefungua dirisha lake, hewa inapita ukumbini na kuusukuma. Tobo alining'iniza karatasi, tukaiona inapepea.

Tungekuwa watu wenye akili, tungeishia hapo. Tungempigia baba mtu simu, tukamweleza bomba, mashine na upepo, yakaisha. Lakini lile neno la Tobo, tafuta anayefaidika, lilikuwa limeshaingia ndani ya nyumba. Bomba, sawa. Upepo, sawa. Je, na yale mengine madogo madogo, kitana changu kilichopotea, ufunguo wa Bi Mkubwa uliokutwa kwenye sukari? Tukaanza kutazamana kwa pembe ya jicho. Bi Mkubwa akawa anafunga mlango wake akienda chooni. Mume wangu, mtu ambaye huwa hakumbuki hata viatu vyake viko wapi, akawa anahesabu spana zake.

Na mimi nilitega, sikatai. Ulitaka nifanye nini? Nilijua Bi Mkubwa anataka chumba cha mbele kirudi kuwa sebule. Nyumba ikishakuwa na mzimu, wateja wanakimbia, saluni inakufa, yeye anapata sebule yake na mashine yangu inanyamaza. Nilipiga hesabu hiyo nikaiona imekaa sawa kabisa. Basi usiku mmoja wakiwa wamelala nikakigeuza kile kiti chake cha mikono kinachokaa ukumbini, kikatazama ukuta. Kama marehemu ni wa kuigiza, nilisema, kesho tutaona sura yake akikuta mwingine anaigiza zaidi.

Asubuhi nikatoka mapema nimwone. Kiti kimerudi mahali pake, kimetulia, na mto wake juu. Bi Mkubwa bado anakoroma ndani. Nikapiga kelele kwamba kiti kimehama, wakatoka wote, nikaapa, na kiapo changu kilikuwa cha kweli: kiti kilikuwa kimegeuka, na sasa kimejigeuza. Kwamba aliyekigeuza mwanzo ni mimi, sikulisema hilo. Ningelisemaje mbele ya mama mkwe?

Siku chache baadaye Bi Mkubwa naye akaja jikoni anatetemeka, anasema vikombe vimejipindua. Mara mume wangu akatoka chumbani amepauka, anasema kuna kitu kimepita mlangoni kwa kaka yake na hakikuacha alama. Nikamuuliza alama gani, akasema niache tu. Nyumba ikawa mbaya kuliko wakati ule wa bomba. Wateja wangu wawili walihama. Na kila mtu akipita mbele ya chumba kidogo anakaza mwendo, na Kijiti anaona, anainamisha kichwa, anaendelea kufagia.

Tobo peke yake hakupaza sauti. Alizunguka na uso wake wa kazini, anapiga magoti, ananusa meza, anatazama chini ya viti. Nikimuuliza umemjua, ananijibu, bado namalizia behewa.

Jumapili ikafika. Baba mtu alikuja mchana, akakaa ukingoni mwa kochi la ukumbini kama mtu anayesubiri zamu hospitali, funguo za gari mkononi. Kijiti alikuwa jikoni anachemsha chai. Tobo alivaa lile koti lake la kazi, akafunga vifungo vyote, akatuketisha mimi, mume wangu na Bi Mkubwa, yeye akabaki amesimama. Nikamwambia shemeji, kaa, hatuko kituoni. Hakukaa.

Akaanza na mama yake mzazi. Akamuuliza vikombe alivipindua nani. Bi Mkubwa akang'aka, akauliza tangu lini mtoto aliyemnyonyesha akawa hakimu wake. Tobo akasema kwa upole kwamba vile vikombe alivikuta usiku ule ule vimepinduliwa, vishikio vyote vimetazama kushoto, na katika nyumba hii mwenye kutumia mkono wa kushoto ni mmoja. Halafu Bi Mkubwa akavuta pumzi, akaniangalia, akasema ndiyo, alinitega mimi, kwa sababu nimeshawazoea wateja wangu nawaambia habari za mzimu ili nyumba ishuke thamani nimshawishi mwanawe tuhame.

Mimi nilisimama. Mdomo wangu hauna breki, nao siku hiyo ulikuwa kwenye mteremko. Nikasema mengi, na Tobo akaniacha niseme, kisha akanionyesha mgongo wa kile kiti cha mikono, palipobaki alama za vidole vya mafuta ya nywele. Nikakaa. Nikasema haya, ni mimi, nilimtega mama. Tukatazamana na Bi Mkubwa, wote wawili tumeumbuka, na nakuambia ukweli, ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe tunaelewana.

Mume wangu hata hakungoja kuulizwa. Akasema utepe mweupe uliobandikwa mlangoni kwa Tobo, huu wa kufungia bomba, ni wa kwake. Alimtega kaka yake, aone kama anatoka usiku. Tobo akauliza kwa nini yeye. Mume wangu akasema, "Kaka, katika nyumba hii ni wewe peke yako uliyekuwa unafurahia."

Baba mtu alikuwa anageuza kichwa huku na huku. Mwishoni akauliza, sasa kama kila mtu alitega chake, nani alikuwa anavirudisha?

Kijiti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. "Ni mimi," akasema. "Nikiamka kufagia nakuta kiti kimegeuka, nakirudisha. Vikombe navyo. Utepe niliubandua, nikaona ni uchafu. Nilidhani mnasahau."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bi Mkubwa alicheka mpaka kilemba kikamvuka. Hata baba mtu alicheka, akaweka funguo mezani, akapokea chai. Na Tobo, jamani, ungemwona Tobo. Alisimama pale katikati na koti lake, akamgeukia yule bwana, sauti haikai sawa. "Umesikia mwenyewe," akamwambia. "Mtoto hana jini, hana lolote. Sisi ndio wagonjwa." Baba akatikisa kichwa, akasema kama ndivyo basi mtoto abaki, yeye atawajibu watu. Niliona mabega ya shemeji yangu yakishuka. Alikuwa ameshinda. Miaka yote hiyo ya kushuku watu, na safari hii imemfaa.

Kijiti akaweka sinia chini. Akauliza kwa sauti yake ile ndogo, "Na poda ya mlangoni kwangu ilikuwa inamwagwa na nani?"

Tukaulizana poda gani. Akasema kila asubuhi anakuta poda nyembamba imenyunyizwa kizingitini kwake, kwa nje, poda ya saluni, anaijua harufu yake. Wote wakanigeukia. Nikaapa kwa kila ninachokiamini kwamba sikumwaga, na kwa kweli sikumwaga, kopo langu lilikuwa linapungua nikadhani Bi Mkubwa anajipaka. Bi Mkubwa akakataa. Mume wangu akakataa. Ndipo nikamtazama Tobo, na sikupenda nilichokiona usoni mwake.

"Ni mimi, mama," akasema.

"Mjomba?"

"Nilitaka ushahidi. Baba yako akija nimwambie kwa uhakika kwamba hutoki usiku, hakuna unyayo. Lakini kila nikiamka nakuta imefagiwa."

"Nilifagia mimi," Kijiti akasema. "Nilijua kuna mtu ananitega. Nikawa naamka kabla yako, nafagia usione, kwa sababu ungeona ungegombana nao." Akanyoosha kikombe kwenye sinia. "Si ungeniuliza tu."

"Ungesema siyo wewe."

"Ndiyo. Na ilikuwa siyo mimi."

Kijiti hakulia. Ingekuwa afadhali angelia, ningejua la kufanya, ningemkumbatia, ningempigia kelele mtu. Alimgeukia baba yake akamwambia kwamba anakwenda kuchukua begi lake, amngoje.

Baba akababaika. Akasema lakini si wamesema huna kosa, si umesikia, kaa tu. Akajibu kwamba amesikia. Twende, baba.

Nilimfuata chumbani. Alikuwa anakunja nguo zake, pindo kwa pindo, hana haraka. Nikamwambia usiende kwa sababu ya poda, mjomba wako ndivyo alivyo, ana ugonjwa huo tangu ujana, angemkagua hata baba yake akirudi kutoka kaburini. Nikamwambia huko unakokwenda hawakutaki, unajua hilo. Akasema anajua. Nikamwambia hata mimi nilikushuku siku moja, mbona hukunikasirikia?

"Wewe anti unamshuku kila mtu ukiwa na hasira," akasema, "halafu unasahau. Sikujali. Ila nikimfikiria mjomba nilikuwa napata usingizi." Akafunga zipu ya begi. "Nilikuwa nasema, wote wananitega, lakini yeye hapana."

Nilikaa kitandani pale, nikamwacha apite. Sina aibu kusema nililia, tena kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpe nani.

Aliaga vizuri. Bi Mkubwa alimshika uso kwa mikono miwili. Mume wangu alibeba begi mpaka garini. Tobo alikuwa amevua koti, amesimama karibu na ukuta wa nje, na Kijiti alimpa mkono, akainama kidogo kama unavyompa mkono rafiki wa wazazi wako. Akamwambia, "Asante kwa yote, mjomba." Gari likaondoka, na Tobo akabaki anaangalia mkono wake.

Kuanzia hapo nyumba ilitulia kabisa. Hakuna kinachogonga wala kinachohama. Wateja walirudi na maswali yao, nikawaambia ilikuwa bomba, na kweli ilikuwa bomba, hawakutaka kunisadiki. Bi Mkubwa akaniambia mashine yangu siyo mbaya sana ukiizoea. Nami asubuhi nikiingia jikoni nikakuta kandambili zimepishana, naziacha hivyo hivyo, roho inaniuma.

Tobo kwa siku nyingi alikula kidogo, alikaa kwenye ngazi ya nyuma mpaka jua linazama. Nikamchukia, nikamwonea huruma, nikamchukia tena, yote kwa siku moja. Mwisho nikamletea simu. Nikamwambia mpigie, maana mimi nimempigia tayari mara mbili na anaongea na mimi vizuri. Akasema atasema nini. Nikamwambia, shemeji, mimi ni msusi, nitajuaje.

Akaipiga. Nikajifanya nakusanya vikombe, masikio yote huko. Alipokea baba, wakasalimiana, akaomba mtoto. Nikaona kidole gumba chake kinasugua goti. Kisha akasema, "Mama. Ni mimi." Akasikiliza. Akamuuliza habari za shule. Akasikiliza. Akamuuliza kama amekula. Akasikiliza, akasema haya, akasema basi, lala salama, akanirudishia simu.

Nikamuuliza anasemaje. Akasema yuko salama, shule inaendelea, na amekula.

Nikamuuliza amekula nini.

"Sikumuuliza," Tobo akasema. "Amesema amekula."